Ghala la diski lilijaa, VM (mashine pepe) zikaganda usiku wa manane. Tuongee qcow2, raw na LVM-thin, njia za kuhifadhi diski za VM

#1 Fundi Nyaya (Arusha)

Wakuu heshima kwenu.

Naleta hili hapa kwa sababu ada ya kujifunza nimeshalipa mimi, sioni haja ya mwingine kulipa tena. Na mwishoni nina swali, kwa hiyo msiishie kucheka.

Natunza kompyuta za kampuni moja ya utalii hapa mjini. Si kampuni kubwa: ofisi vyumba vinne, magari kumi na kitu, seva moja ya Dell chini ya meza ya mhasibu. Ina RAM GB 64 na SSD mbili za TB 1 zilizofungwa RAID 1 (zote zinaandika kitu kilekile), kwa hiyo ukubwa unaobaki ni wa diski moja. Juu yake nimeweka Proxmox, mfumo unaoendesha VM kadhaa ndani ya seva moja. Ukiisimika bila kugusa chochote, inakukatia vipande yenyewe: kipande cha mfumo, karibu GB 96, kinaitwa local, ndipo zinapokaa ISO (mafaili ya kusimikia mifumo) na bakapu, kilichobaki kinakuwa ghala la LVM-thin liitwalo local-lvm. Kwenye diski ya TB 1 ghala hilo linatoka na GB 794 hivi. Shikeni hiyo namba.

Mashine zangu ni tano. Windows ya uhasibu nimeipa diski ya GB 300. Debian (Linux) ya picha na video za wageni GB 600. Tovuti ya majaribio GB 200, rekodi za kamera za geti GB 200, na Windows ya watu wanaofanya kazi wakiwa nyumbani GB 150. Jumlisheni. Ni GB 1450 ndani ya ghala la GB 794.

Proxmox haikunikataza. Ilinipa onyo la maandishi kwenye kumbukumbu ya kazi, nikalipita kama mtu anavyopita bango la "usimwage takataka hapa". LVM-thin inatoa ahadi, haitoi nafasi. Nafasi inatoka siku VM inapoandika kweli. Ni kama kamati ya harusi inayogawa kadi 500 huku imelipia sahani 300, ikijipa moyo kwamba wa mbali hawatakuja. Mara nyingi kweli hawaji.

Agosti hii walikuja. Msimu umepamba moto, mpiga video akarudi kutoka Serengeti na kadi za kamera zimejaa, akaziachia zinakili usiku akaenda zake kulala. Saa tisa usiku simu inalia. Mtu wa bukingi anayeongea na wageni wa Marekani ananiambia, "Kaka, mashine yangu imesimama, hata mshale hausogei." Nikafungua ukurasa wa Proxmox kwenye simu, nimejifunika blanketi (baridi ya Njiro mwezi wa nane mnaijua). VM tatu zina pembetatu ya njano na neno io-error.

Nikaingia kwenye seva kwa SSH, nikaandika lvs, amri inayoonyesha ghala limejaa kiasi gani. Data% ilikuwa 100.00.

Nikaanza kuhesabu kilichokula. Diski ya picha: ndani ya Debian, df inasema zimetumika GB 310 tu. Ghalani diski hiyohiyo inashikilia GB 585! Kila mwezi tulikuwa tunafuta video za zamani, lakini ghala halikuwahi kuambiwa kwamba zimefutwa. Kufuta faili ndani ya VM ni kufuta jina kwenye daftari. Vyumba vilivyoandikwa vinaendelea kuhesabika kwamba vina watu. Halafu kulikuwa na snapshoti (picha ya diski ya wakati fulani, ya kurudia mambo yakiharibika) ya Windows ya uhasibu niliyopiga mwezi Machi "kabla ya apdeti". Apdeti ilienda vizuri, snapshoti nikaisahau. Miezi mitano kila kilichobadilika kinatunzwa mara mbili: GB 30 zimekaa bure.

Kilichoniokoa ni kwamba Proxmox ikisimikwa kwenye diski kubwa huacha GB 16 nje ya ghala, hazina kazi. Nilizikuta kwa amri ya vgs. Nikaandika:

lvextend -L +15G pve/data

Ghala likapumua. Nikafuta snapshoti ya Machi, Data% ikashuka mpaka 94.4. Kisha qm resume kwa kila mashine, moja baada ya nyingine. Saa kumi na robo mtu wa bukingi akaniandikia "imerudi". Sikulala tena.

Asubuhi, mhasibu alipotoka kwenda kunywa chai, nikaweka tiki kwenye Discard ya diski ya picha (inaruhusu VM kuliambia ghala kilichofutwa), nikaizima mashine kabisa na kuiwasha (ukiiwasha upya kutoka ndani ya Debian yenyewe, badiliko linaendelea kusubiri), nikaingia ndani nikaandika fstrim -av. Data% ikatoka 94 ikaja 61. GB 270 zimerudi kwa amri moja ambayo ningeweza kuiandika mwaka jana.

Sasa swali. Bosi kakubali kununua SSD mbili nyingine za TB 2. Nibaki na LVM-thin? Nitengeneze folda ya kawaida niweke mafaili ya qcow2, ambayo naona watu wengi mnayasifia? Au ZFS, mfumo mwingine wa kuhifadhi? Nataka snapshoti, nataka bakapu isiyonitesa, na sitaki tena simu ya saa tisa.

#2 Chalii wa Sanawari

Aisee umenikumbusha jamaa aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu kule Moshono. Wote walikuwa na karatasi.

#3 Meku wa Rau (Moshi)

Fundi Nyaya, pole. Nimesoma mpaka mwisho. Ulichofanya usiku ule ni sahihi, na umebahatika kwamba kilichojaa ni Data%, siyo Meta%. Kila unapoandika lvs, angalia nguzo zote mbili. Ghala la thin lina daftari lake la kuonyesha kipande kipi ni cha nani. Daftari likijaa, ukarabati wake ni wa amri ya thin_repair na maombi. Mimi nimeuona mara moja, sitamani kuuona tena.

Nijibu swali lako, ila kwanza tuondoe mchanganyiko. Watu wanalinganisha qcow2 na LVM-thin kana kwamba ni aina mbili za kitu kimoja. qcow2 ni fomati ya faili. LVM-thin ni mahali. Ukiwa kwenye LVM-thin, VM yako inatumia raw, na ujanja wa snapshoti na wembamba (kutoa nafasi pale inapoandikwa tu) unafanywa na ghala lililo chini. Ukiwa kwenye folda ya kawaida ya ext4 au XFS (mifumo ya mafaili ya Linux), au folda ya NFS (inayofikiwa kwa mtandao), pale chini hakuna anayejua snapshoti, kwa hiyo ujanja unabebwa na faili lenyewe. Ndiyo kazi ya qcow2.

Raw ni diski kama ilivyo. Baiti ya kwanza ya faili ni baiti ya kwanza ya diski. Haina kichwa, haina jedwali. Na msidhani raw lazima ile nafasi yote: kwenye ext4 linaweza kuwa faili lenye matundu, yaani sehemu tupu hazichukui nafasi. Fanyeni jaribio hili leo, halihitaji seva:

truncate -s 100G jaribio.raw
ls -lh jaribio.raw
du -h jaribio.raw

ls itawaambia 100G. du itawaambia 0. Yote mawili ni kweli.

qcow2 yenyewe imekata diski katika klasta, kawaida KB 64 kila moja, na ina majedwali ya ngazi mbili yanayosema klasta namba fulani ya diski iko wapi ndani ya faili. VM ikitaka kusoma, QEMU, programu inayoiendesha VM, inatazama jedwali kwanza, ndipo inakwenda kwenye data. Kila klasta inachukua baiti 8 za jedwali. Diski ya GB 256 ina klasta milioni nne na ushei, kwa hiyo jedwali lake ni MB 32. QEMU za miaka hii zinaruhusu kache ya jedwali mpaka MB 32 hizohizo, ndiyo maana kwenye diski za kawaida hamuoni tofauti kubwa ya mwendo. Zamani kache ilikuwa ndogo, na ile sifa ya "qcow2 ni nzito" imetoka huko. Watu wanairudia tu.

Faida yake ni snapshoti ndani ya faili, diski mama yenye watoto (unatengeneza Debian moja safi, mashine kumi zinaanzia hapo, kila moja inaandika tofauti zake tu), na kubana data.

Hasara yake hamuisikii mpaka siku mbaya. Miaka kadhaa nyuma, umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi, na ofisi niliyokuwa naihudumia UPS yake (betri ya akiba) ilikuwa pambo. Kulikuwa na mashine mbili zilizokataa kuwaka. Ya kwanza raw: nikaiunganisha kama diski kwa losetup -P, vipande vya diski vikaonekana, nikakarabati kwa fsck, nusu saa tumemaliza. Ya pili qcow2, na kilichoumia kilikuwa jedwali. qemu-img check ikanimwagia makosa kurasa na kurasa. Nikanakili faili kwanza (hili msiruke), nikajaribu -r all kwenye nakala. Sehemu ilirudi, sehemu haikurudi. Data ilikuwepo mle ndani, lakini hakuna wa kusema kipande kipi ni cha wapi. Umewahi kumwaga gunia la mahindi, maharage na mbaazi kwa pamoja? Hivyo.

Kwa hiyo kwako wewe: seva moja, diski za ndani, baki na LVM-thin. Usihamie qcow2 kwa sababu imesifiwa. Ungekuwa na NAS (kasha la diski kwenye mtandao) ya NFS ningekwambia vingine.

#4 Fundi Nyaya

Shikamoo Meku. Hilo la "fomati ni kitu kimoja, mahali ni kingine" lingeniokolea wiki nzima ya kusoma.

#5 Meku wa Rau

Marahaba.

#6 Mama Terabaiti (Kijenge)

Namheshimu Meku ila kwenye ZFS hakugusa, ngoja nigusie mimi, maana kila mwezi napigiwa na mtu aliyeiweka bila kuuliza.

ZFS ni nzuri. Ina hesabu ya kuhakiki kila kipande, kwa hiyo diski moja ikianza kudanganya, mirror (diski mbili zenye nakala sawa) inajua ipi inasema kweli. RAID yako ya sasa haijui hilo, ikipata nakala mbili tofauti inachagua tu. Snapshoti zake ni nyepesi, na kuzituma seva nyingine kwa zfs send ni raha. Ila kuna mambo matatu.

La kwanza, kadi ya RAID. ZFS inataka kuona diski zenyewe. Usiiweke juu ya RAID ya kadi halafu ukatangaza una ZFS. Kama kadi yako ina hali ya HBA (inayopitisha diski kama zilivyo), ibadilishe. Kama haina, achana nayo.

La pili, RAM. ZFS ina kache yake iitwayo ARC. Kwa miaka mingi kawaida yake ilikuwa kuchukua mpaka nusu ya RAM ya seva. Proxmox kuanzia 8.1, ukisimika upya juu ya ZFS, inaiwekea kikomo cha asilimia 10 ya RAM, isizidi GB 16. Seva zilizosimikwa kabla ya hapo zinaendelea na utaratibu wa zamani. Mtu ana GB 32, kagawa GB 28 kwa VM, halafu anashangaa keneli (kiini cha Linux) inaua mashine yake ya uhasibu kila ikifika saa ya bakapu. Iwekee kikomo mwenyewe kwa zfs_arc_max.

La tatu ndilo linaloliza watu: RAIDZ chini ya VM, yaani RAID ya ZFS inayotumia pariti (data ya ziada ya kufufulia diski iliyokufa). Mtu ananunua diski tatu, anafanya RAIDZ1, anahesabu atapata ukubwa wa diski mbili. Kwenye VM hapati. Chukua vipande vya KB 8, ambavyo ndivyo vilikuwa kawaida ya zvol (diski ya VM ndani ya ZFS) kwa muda mrefu, na diski za sekta ya KB 4. KB 8 ni sekta mbili za data, ongeza moja ya pariti, ni tatu. RAIDZ1 haikubali tatu, inataka idadi inayogawanyika kwa mbili, kwa hiyo inatupia sekta moja ya kujazia. Nne. Umeandika KB 8, diskini zimeondoka KB 16. Hiyo ni hesabu ya mirror, bila mwendo wa mirror. Matoleo mapya yamepanda mpaka KB 16 kwa kila kipande na hali ni nafuu, lakini kwa VM jibu langu ni mirror tu.

Na tafadhali, msiweke faili la qcow2 juu ya ZFS. Zote mbili zina tabia ya kuandika pembeni badala ya kufuta palepale. Unaandika kitu kimoja, kinazaa maandishi ya jedwali la juu na ya jedwali la chini. SSD za dukani zinachakaa upesi kwa mtindo huo.

#7 Chalii wa Sanawari

Dada, SSD za dukani zina shida gani? Mimi nina mbili nilizochukua mjini karibu na Mnara wa Saa, bei nzuri, zinaenda kama upepo.

#8 Mama Terabaiti

Zinaenda kama upepo dakika tano za kwanza, mdogo wangu. Nyingi zina eneo dogo la haraka mbele, likijaa unakutana na mwendo wake halisi. Nakili faili la GB 100 uone mshale unavyodondoka.

Lakini kwa VM kuna kipimo kingine. Hifadhidata kila ikimaliza muamala inasema "hakikisha hii imefika diskini ndipo nijibu". SSD za seva zina kapasita ndani, umeme ukikatika zina nguvu ya kumalizia kuandika, kwa hiyo zinajibu "imefika" papo hapo. Za kawaida lazima ziandike kweli kwanza. Kwenye Proxmox andika pveperf /var/lib/vz, angalia mstari wa FSYNCS/SECOND, yaani maombi hayo ya "hakikisha" kwa sekunde. Uje utuambie umepata ngapi.

#9 Chalii wa Sanawari

Nimepata 212. Nanyamaza.

#10 Kisamvu cha Nazi

Mimi ni mwanafunzi tu, natumia VirtualBox kwenye laptopu, SSD ya GB 256. VDI yangu (faili la diski ya VM) ya Ubuntu imefika GB 70 na ndani nimetumia GB 22. Ndiyo yaleyale ya Fundi Nyaya?

#11 Fundi Nyaya

Yaleyale kabisa. VDI ya kukua inakua, hairudi yenyewe. Ndani ya Ubuntu jaza nafasi tupu kwa sifuri: anzisha hali ya uokoaji utumie zerofree, au njia ya kizembe, dd kutoka /dev/zero kwenda faili moja mpaka ijae, kisha ulifute. Tahadhari, kwa njia hiyo ya pili VDI itavimba kwanza mpaka ukubwa wote uliouahidi, kwa hiyo angalia laptopu ina nafasi. Zima VM, halafu:

VBoxManage modifymedium disk ubuntu.vdi --compact

Kama ni Windows ndani, tumia sdelete -z badala ya dd. Na kama una snapshoti, zifute kwanza, la sivyo utabana faili ambalo siyo.

#12 Kisamvu cha Nazi

70 imekuwa 24. Asante sana kaka, nilikuwa nimeshaanza kufuta picha za mahafali.

#13 Mzee wa Risiti (Moshi)

Mimi siyo mtu wa kompyuta, ni mhasibu, nimeletwa humu na mwanangu. Nataka kusema kitu kuhusu hizo snapshoti.

Duka moja la vifaa vya ujenzi nililokuwa nalifanyia hesabu, programu ya mauzo ilileta shida saa nane mchana. Kijana wa IT akasema "narudisha snapshoti ya jana usiku, dakika mbili tu". Kweli dakika mbili. Programu ikawaka vizuri. Mauzo yote ya asubuhi hayamo! Lakini risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zilishatoka, wateja wameondoka nazo, na mashine ya EFD ina jumla yake. Tulikaa mpaka saa tatu usiku tunaingiza risiti moja moja kutoka kwenye nakala.

Kijana alikuwa na nia njema. Tatizo hakuna aliyemuuliza mhasibu.

#14 Meku wa Rau

Mzee mwenzangu umesema jambo ambalo vijana hulisoma na kulisahau. Snapshoti inarudisha diski nzima nyuma, pamoja na kile ulichotaka kukitunza. Ya kabla ya apdeti ifutwe ndani ya siku mbili tatu. Na siyo bakapu: inaishi ghala moja na diski inayoilinda, ghala likifa wanazikwa pamoja.

#15 Msomaji Kimya

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo. Swali: kwenye Proxmox kuna sehemu ya Cache ya diski, machaguo matano. Jamaa aliniambia weka unsafe, Windows itasimika haraka. Kweli ikawa haraka. Niiache?

#16 Mama Terabaiti

ITOE LEO.

Nikueleze. Ile ya kawaida, none, inapita pembeni ya kache ya seva na kwenda diskini moja kwa moja. Writeback inatumia RAM ya seva kama kituo cha katikati, ila VM ikisema "hakikisha imefika", QEMU inatii. Umeme ukikatika unapoteza yale ambayo VM yenyewe haikuyaombea uhakika, na mifumo ya mafaili ya kisasa imezoea hali hiyo. Writethrough inaandika kwa uhakika kila mara, ni salama na ni konokono. Directsync ni hiyohiyo bila kache ya kusomea.

Unsafe inapuuza ombi la "hakikisha". VM inauliza, QEMU inajibu "imefika mkuu", kumbe bado iko kwenye RAM. Inafaa wakati wa kusimika tu, maana likiharibika unaanza upya. Kwenye mashine yenye hesabu za watu, umeme ukikatika mara moja unaweza kukuta hifadhidata haifunguki kabisa.

#17 Msomaji Kimya

Nimeitoa. Ilikuwa na mfumo wa zahanati. Mungu ni mwema.

#18 Kijana wa Majengo

Wakuu, na mimi nina changu. Nahamisha Windows Server kutoka VMware kuja Proxmox. Tangu Broadcom wainunue VMware mwishoni mwa 2023 na leseni kubadilika, bosi kasema hataki tena kusikia. Nimegeuza VMDK (faili la diski la VMware) kwa

qemu-img convert -p -f vmdk -O qcow2

imeenda mpaka mwisho, lakini Windows inawaka na skrini ya bluu, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Faili limeharibika?

#19 Fundi Nyaya

Faili halina shida. Windows yako haina draiva ya VirtIO (vifaa pepe vya QEMU), kwa hiyo inawaka halafu haioni diski iliyowakia. Badilisha diski iwe SATA, itawaka. Kisha ongeza diski ndogo ya GB 1 ya VirtIO SCSI, weka ISO ya virtio-win, simika draiva mpaka Windows iione ile ndogo. Zima, hamisha diski kubwa iwe SCSI, ondoa ile ndogo, rekebisha mpangilio wa kuwakia. Usiruke ile ndogo: bila hiyo Windows haioni sababu ya kupakia draiva mapema wakati wa kuwaka.

Kingine, kama unaenda LVM-thin hukuhitaji kupitia qcow2. qm disk import inachukua VMDK na kuiingiza ghalani moja kwa moja. Ungeokoa saa na nafasi. Angalia pia kama ile VMDK ni faili moja au imekatwa vipande vya GB 2. Ikiwa vipande, unaelekeza kwenye lile faili dogo la maandishi linaloorodhesha vipande vyote.

#20 Kijana wa Majengo

Imewaka kwa SATA!! Nimepiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta.

Moja ya mwisho. Nilitaka kuinakili kwenye diski ya nje kama bakapu. Diski yake sasa ni raw ya GB 200, ndani data GB 45. Diski ya nje ina nafasi GB 120. Inakataa.

#21 Meku wa Rau

Diski ya nje bila shaka ina mfumo wa mafaili wa exFAT. exFAT haijui mafaili yenye matundu, kwa hiyo inataka GB 200 kamili. Kwa safari kama hiyo ndipo qcow2 inapendeza: qemu-img convert -c -O qcow2, sifuri zinaachwa nyumbani na zilizobaki zinabanwa. Zima VM kwanza. Au tumia vzdump, amri ya bakapu ya Proxmox, ambayo ndiyo kazi yake. Kwenye diski ya ext4 ungetumia rsync -S au cp --sparse=always.

#22 Fundi Nyaya

Wakuu narudi na mrejesho, wiki mbili baadaye.

Nimebaki na LVM-thin. Bosi aliposikia SSD ya seva na ya dukani zina bei tofauti alivuta pumzi, nikamwonyesha simu ya saa tisa na jumla ya bukingi za usiku ule, akalipa. Zile TB 2 mbili zimekuwa RAID 1 ya pili na ghala la pili, na diski ya picha nimeihamishia huko peke yake. Video zikijaa, zijaze nyumba yao, uhasibu uendelee na kazi. Nadhani hili limenisaidia kuliko kuchagua fomati yoyote.

Ghala la kwanza sasa lina ahadi za GB 850 ndani ya GB 809. Bado ni zaidi ya sahani zilizopo, lakini hao wageni nawajua kwa majina. Discard imewekwa kwenye diski zote. Debian inapiga fstrim kila wiki kwa fstrim.timer, Windows inafanya yenyewe kupitia Optimize Drives. Kuna skripti ya mistari kumi inayosoma lvs kila saa, Data% au Meta% ikipita 80 inanitumia ujumbe. Nimeijaribu kwa kushusha kikomo kuwa 50, ujumbe ukaingia nikiwa kwenye daladala ya Njiro.

Bakapu zinaenda kila usiku kwenye kompyuta ya zamani niliyoiwekea Proxmox Backup Server, iko chumba kingine. Usiku wa kwanza ilichukua saa tatu. Sasa inachukua dakika kumi na kitu kwa sababu inapeleka vilivyobadilika tu.

Jumamosi nilirejesha mashine ya uhasibu kama VM ya pili yenye namba nyingine, bila mtandao, nikamwita mhasibu aifungue. Akakuta ankara ya Ijumaa jioni. Ndipo nikamwambia bosi tuna bakapu.

#23 Meku wa Rau

Safi. Na UPS inakaa dakika ngapi?

#24 Fundi Nyaya

Meku umenikamata. Kwenye karatasi ni dakika 20. Nimeenda leo nikachomoa waya ukutani, ikazima dakika ya nne.

Nimefuata waya mmoja mmoja. Nyuma ya kabati kuna ekstensheni inayotoka kwenye UPS inapita chini ya zulia mpaka kibanda cha mlinzi. Ina chaja ya simu, redio, na jagi la umeme la kuchemshia chai.

#25 Mama Terabaiti

😂😂😂 Jagi linakula kuliko seva.

#26 Fundi Nyaya

Jagi nimelihamishia soketi ya jikoni, redio na chaja nimempa soketi ya ukutani. Nimerudia jaribio: dakika 17, na nimeunganisha UPS kwa USB na programu ya NUT, betri ikifika asilimia 40 VM zinaanza kuzimwa kwa utaratibu, uhasibu kwanza. Mlinzi kaninunia kidogo. Anasema jikoni ni mbali usiku.